Sweta la Mama Voorhees

Karibuni, na ahsanteni kwa kuja jioni hii. Nilipomwambia shangazi yangu kwamba leo nazungumzia slasha, aliniuliza kama siku hizi vyuo vinafundisha kufyeka nyasi. Sikumlaumu. Slasha kwetu ni kile chuma cha kufyekea, na ni adhabu ya waliochelewa shule. Huko Marekani ni aina ya filamu: vijana wako mahali pa mbali, muuaji hasemi neno, na wanapukutika mmoja mmoja hadi abaki msichana.

Nimeirudia Friday the 13th Part 2 ya mwaka 1981, iliyoongozwa na Steve Miner. Ile ya kwanza, ya 1980, iligharimu dola 550,000 hivi na kuvuna karibu milioni 40 Marekani peke yake. Mwendelezo ulitoka kabla mwaka mzima haujapita. Tusidanganyane, sababu ilikuwa hiyo. Nilipoiona ujanani nilibaki na kumbukumbu ya panga tu. Safari hii kilichonishika ni sweta.

Kwanza tukumbushane, maana wengi huchanganya. Katika filamu ya kwanza muuaji si Jason, yule maarufu wa mfululizo huu. Ni mama yake, Pamela Voorhees, analipiza kisasi cha mwanawe, Jason, anayeaminika kuzama ziwani kambini wakati wasimamizi wana mambo yao. Msichana aliyesalia, Alice, anamkata kichwa mama huyo. Sehemu ya pili inaanza na Alice yuleyule, yuko kwake. Anafungua friji, anakutana na kichwa cha yule mama, na kabla hata jina la filamu halijatokea amechomwa panja kwa chuma cha kuvunjia barafu.

Safari hii muuaji ni Jason mwenyewe, kumbe yu hai, ila si yule wa kwenye fulana zenu. Barakoa ya hoki ilikuja katika filamu ya tatu, 1982. Hapa amevaa kigunia kichwani, kimetobolewa tundu moja la jicho. Anakimbia, anakosea. Kuna mahali Ginny, msichana wa filamu hii, amejificha uvunguni, panya anamsogelea usoni, na mkojo unamtoka kwa hofu. Kimya. Anaona miguu inaondoka. Kumbe Jason amepanda juu ya kiti, ameinua uma wa shambani, anasubiri msichana atoe kichwa. Kiti kinavunjika! Anaanguka kama mzigo wa kuni. Nilicheka, kisha nikawaza: yule Jason wa baadaye, anayefufuliwa na radi, kiti gani kingemwangusha? Huyu bado ni mtu.

Damu sitaisemea sana. Kuna mkuki unaowapitia wapenzi wawili kitandani, unaofanana mno na ule wa filamu ya mwongozaji Mario Bava wa Italia ya mwaka 1971. Wakadiriaji wa filamu walilipunguza tukio hilo, na sioni tulichopoteza.

Turudi kwa Ginny, aliyeigizwa na Amy Steel. Anasomea saikolojia ya watoto. Usiku mmoja yuko baa na Paul, mkuu wa mafunzo ya wasimamizi wa kambi, na Ted, mzaha mtupu. Anauliza: je, kama Jason hakufa? Kama amekulia msituni peke yake, akamwona mama yake akiuawa, na mama ndiye mtu pekee aliyekuwa naye? Wenzake wanaona pombe imemwingia.

Baadaye, akikimbizwa, Ginny anaingia kibanda cha Jason. Mishumaa inawaka, na katikati pamewekwa kichwa cha mama na sweta lake. Analivaa. Anasimama wima, anaita kwa sauti ya mzazi mkali, na lile jitu linapiga magoti. Panga analo mkononi, lakini kinachomwokoa ni yale mawazo ya baa waliyoyacheka. Kwa mpigo mmoja tunaiona sura ya Betsy Palmer, mama wa filamu ya kwanza, kama Jason anavyoiona. Halafu Ginny anainua panga, anasogea kidogo tu, na kichwa kilichokuwa nyuma yake kinaonekana. Mtoto anagundua amedanganywa.

Mimi hapo nilimhurumia muuaji, jambo ambalo sikulitarajia kwa filamu iliyotengenezwa kwa haraka ya pesa.

Ndugu yangu wa mitambo, tuzimie taa. Tunaanza na ile ya baa. Mtazameni Ted: anakataa kurudi kambini, anabaki anakunywa, na ndiye anayepona bila hata mkwaruzo.