Dubwana la Fedha Kidogo

Wapenzi wa filamu, karibuni. Leo tunatazama jinsi madubwana ya filamu yalivyotengenezwa kwa fedha kidogo. Nitaanza na pweza, kwa kuwa ana kasoro ninayoipenda.

Katika filamu ya Marekani ya mwaka 1955, *It Came from Beneath the Sea*, pweza mkubwa analikumbatia daraja la Golden Gate mjini San Francisco kwa minyiri sita. Hesabuni wenyewe: ni sita tu, wala si minane. Ray Harryhausen, fundi wa madubwana ya filamu hiyo, aliipunguza ili kuokoa fedha na muda, maana pweza alikuwa kinyago na kila mnyiri ulisogezwa kwa mkono, ukapigwa picha, ukasogezwa tena. Filamu hupita fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Ukisogeza kila fremu, minyiri minane inakudai misogezo 1,920 kwa sekunde kumi. Sita inakudai 1,440. Na kwa kuwa mara nyingi sehemu ya mnyama imezama majini, ni nani atakayedai miwili iliyobaki?

Wajapani walipita njia nyingine. Katika *Godzilla* ya mwaka 1954, fundi wa madoido Eiji Tsuburaya alimvisha mtu vazi zito la mpira la dubwana, akamwachia mji wa kuukanyaga, uliojengwa kwa kipimo cha 1 kwa 25. Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu mvutano wa dunia haupungui pamoja na majengo. Tofali likianguka kutoka mita 50 huchukua sekunde 3.2 hivi. Kwenye jengo la mfano la mita 2 huchukua sekunde 0.64, na jicho linagutuka papo hapo: hicho ni kisanduku! Dawa yake ni kupunguza mwendo kwa kipeuo cha pili cha 25, yaani mara 5. Piga fremu 120 kwa sekunde, zionyeshe 24 kwa sekunde, na tofali litaanguka kwa uzito wake. Gharama yake ni mwanga mara tano zaidi, na aliyemo ndani ya vazi anaokwa na taa. (Kosa la kusahau hesabu hii lipo hata leo kwenye kompyuta: dubwana la mita 50 linageuka upesi kama paka.)

Kuta za plasta ziwe nyembamba, zikatwe mikato kwa ndani mahali zinapotakiwa kuvunjika. Zikiwa nene, teke linalisukuma jengo zima kando kama kabati. Lenzi nayo ishushwe hadi sentimita 7 hivi kutoka sakafuni, kimo cha jicho la mpita njia wa mji ule. Ukiipandisha, mtazamaji anaona meza na vinyago. Maji ndiyo hayadanganyiki. Tone la milimita 4 kwa kipimo hicho linaonekana kubwa kama ngumi, ndiyo maana bahari za filamu hizi hufanana na beseni.

Rahisi kuliko zote ni njia ya mwongozaji Bert I. Gordon katika *Beginning of the End*, 1957: panzi hai wakitembezwa juu ya picha za majengo ya Chicago. Hakuna vazi wala plasta. Ila panzi hafundishiki, na picha ya jengo ina ukingo. Tazameni kwa makini ukutani: mmoja anapanda ghorofa baada ya ghorofa, anafika mwisho wa jengo, kisha anaendelea na safari yake, miguu yote ikikanyaga anga.