K ya kuandikwa tu: maneno mafupi ya Kiingereza yanayoanza na KN

Habari zenu, watazamaji. Karibuni jikoni kwangu, hapa Nkuhungu, Dodoma. Mnaona unga mezani, lakini leo sifundishi mapishi. Unga huu ni kifaa cha somo, na somo likiisha utakuwa chapati, kwa hiyo hakuna kitakachopotea. Nawalenga hasa watoto walioingia kidato cha kwanza, wale waliosoma msingi kwa Kiswahili halafu ghafla kila daftari likageuka Kiingereza. Na wazazi mnaokaa nao jioni, msogee pia.

Andaa karatasi ya manila, makapeni nyekundu na nyeusi, mkasi, kisu cha jikoni, kipande cha kamba na unga kidogo. Goti unalo tayari.

Anza kwa kukata kadi kumi, kila moja upana wa kiganja. Kila kadi ibebe neno moja, kwa maandishi makubwa: knee, knife, knot, knock, know, knit, knead, kneel, knob, knuckle. K iandike kwa wino mwekundu, herufi zinazobaki kwa mweusi. Usifanye zote nyeusi ukisema utakumbuka, hutakumbuka.

Sasa chukua kadi ya kwanza. Tazama mkono wangu: naweka kidole gumba juu ya ile K nyekundu, inafichika kabisa. Nasoma kilichobaki: "nii". Goti. Kadi nyingine, gumba juu ya K: "naif". Kisu. Ndiyo kanuni yenyewe: neno likianza na KN, K unaiandika, lakini huitamki. Wengi wetu tunaona konsonanti mbili zimekaa bila irabu katikati, ulimi unaichomeka wenyewe, tunasema "kinaifu". Mtaa wangu unaanza na N na K, na zote mbili tunazitamka. Wageni ndio hupata shida na Nkuhungu. Kwenye Kiingereza, herufi hizohizo zikigeuzwa, moja inanyamaza.

Hata sisi tumeshaikubali kanuni hii bila kujua. Msikilize mtangazaji wa ngumi redioni: bondia akilazwa chini anasema "nokauti". Neno hilo ni knockout. Kwa kifupi wanaandika KO, na ile K ya mbele ndiyo ambayo hakuna anayeitamka.

Turudi kwenye kadi, safari hii kwa vitendo. Knot ni fundo, kwa hiyo nafunga kamba hivi, navuta, fundo hilo. Matamshi ni "not", o fupi. Knuckle, "nakol", ni kifundo cha kidole, hapa unapogongea mlango. Angalia Kiswahili kilivyotusaidia: fundo, kifundo. Na hizo kadi mbili zote zina KN. Knob, "nob", ni kile kidude cha duara unachozungusha kuwasha jiko la gesi, au kishikio cha mlango cha mviringo. Mimi wanafunzi wangu nawaambia hivi: ukikutana na KN, fikiria kitu kilichovimba au kilichokunjwa pamoja. Goti limevimba, fundo limevimba, kifundo cha kidole hali kadhalika. Si sheria, kisu hakijavimba popote, lakini inashika kichwani.

Knit, "nit", ni kufuma kwa uzi na zile sindano ndefu mbili, kama sweta ambazo watoto hapa Dodoma hawaziachi asubuhi za mwezi wa saba. Neno hili na knot ni ndugu wa damu, maana kufuma ni kufungafunga uzi. Kneel, "niil", ni kupiga magoti. Ukishajua knee, hilo umepewa bure.

Knead, "niid", ni kukanda. Haya, mkono ndani ya unga. Nasukuma kwa kiganja, nakunja, nasukuma tena. I need to knead the dough. Umesikia? Nimesema "niid" mara mbili: ya kwanza haina K, nayo ni kuhitaji, ya pili ni kukanda.

Na hapo ndipo penye mtego. Geuza kadi zako, nyuma uandike pacha wa sauti kwa yale yaliyo naye. Nyuma ya knot andika not. Nyuma ya knead andika need. Nyuma ya knit andika nit, yaani yai la chawa. Nyuma ya know, ambalo ni kujua, andika no.

Hili la mwisho lina historia yangu. Nikiwa kidato cha kwanza niliandika insha kuhusu familia, sentensi ya kwanza: I no my mother. Masikioni mwangu ilikuwa sawa kabisa. Mwalimu akapiga mstari mwekundu, akaniuliza mbele ya darasa, "Wewe, mama yako humjui?" Tangu siku ile K ya know sijaisahau. Kwa hiyo zoezi la imla usilikwepe: mzazi asome sentensi nzima, si neno pekee, mtoto achague upande wa kadi. Neno pekee halimwambii kitu, sauti ni ileile.

Mtoto atauliza kwa nini waliiweka. Mjibu kwamba zamani Waingereza waliitamka. Kwenye Kiingereza cha kale goti lilikuwa cneow, na C hiyo ilisomwa K. Mashine ya kuchapa vitabu ilifika Uingereza mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda. Halafu, karne ya 17 hivi, midomo ikaiacha K, karatasi ikabaki nayo. Wajerumani, hao waliotuachia neno shule, bado wanaitamka: goti kwao ni Knie, na K inasikika vizuri.

Wanaocheza sataranji wana raha zaidi. Farasi anaitwa knight, "nait", na wanapoandika mchezo wanampa herufi N, kwa sababu K imeshachukuliwa na mfalme, king.

Tahadhari moja kabla hujaweka makapeni. Gumba linafunika K pale KN inapoanza neno, hata neno hilo likibandikwa kitu mbele: unknown, "announ", K bado kimya. Lakini darkness, giza, K yake inasikika, maana ni ya dark, na N ni ya kile kipande kilichoongezwa nyuma. Ukishindwa kuamua, ligawe neno uone K inakaa na nani.

Mwisho, mtoe mtoto nje, ufunge mlango. Agonge kwa knuckle, aseme "knock, knock" badala ya hodi. Ukisikia "kinok", mwache hukohuko nje agonge tena. Wangu naona ameshapatia, ngoja nimfungulie, kisha tusukume chapati kabla unga haujakauka.