Maharage Manne: zana za mikono katika darasa la awali

LUSAJO: Karibuni tena, wasikilizaji. Tuko Mbeya, mvua imeshika tangu asubuhi, mkisikia bati linalia ndiyo hiyo. Niko na Mwalimu Atupele wa darasa la awali. Mwalimu, ugonile?

ATUPELE: Ndaga, kaka Lusajo. Karibuni.

LUSAJO: Juzi ulinisimulia habari za mtoto wa kuhesabu. Anzia hapo.

ATUPELE: Alikuwa na miaka mitano. Anaimba moja mpaka ishirini bila kukwama, mama yake anajivunia. Nikamwambia, "Niletee maharage manne." Akachota kiganja kizima, akaniletea. Namba zilikuwa mdomoni, mkononi hazijafika.

LUSAJO: Kwa hiyo tuache kuimba?

ATUPELE: Hapana, tuimbe! Wimbo unampa majina ya namba kwa mpangilio. Lakini ili ajue nne ni ngapi, lazima aguse harage moja aseme moja, aguse la pili aseme mbili, asiruruke wala kurudia. Halafu atambue kwamba namba aliyoishia ndiyo idadi ya yote. Hilo halipatikani kwa kutazama ubao.

LUSAJO: Mzazi atakwambia vifaa ni ghali.

ATUPELE: Huku kwetu? Tukishapukuchua mahindi, magunzi yanajaa uani. Rungwe kuna kamba za migomba: funga vijiti kumi kumi, mtoto anaishika kumi kama kitu kimoja. Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, Wakisi wanafinyanga vyungu, udongo upo. Kuokota ni rahisi, kuchagua ndiko kwenye kazi. Ukitaka mtoto ajifunze urefu, mpe magunzi ya unene na rangi moja, yatofautiane urefu tu. Ukichanganya kila kitu, hajui aangalie nini.

LUSAJO: Hilo umelipata wapi?

ATUPELE: Ni la Maria Montessori, daktari wa Italia. Mwaka 1907 alifungua nyumba ya watoto San Lorenzo, mtaa wa maskini jijini Roma. Zana zake nyingi zinabeba sifa moja kwa wakati mmoja. Zake zilichongwa kwa mbao, sisi tuna gunzi.

LUSAJO: Na watoto wanaotoka nyumbani na Kisafwa au Kinyakyusa tu?

ATUPELE: Hao ndio wanaonigusa zaidi. Ukisema "refu" na "fupi" hewani, wamepotea. Akishika gunzi refu mkono huu na fupi mkono huu, neno lina pa kukaa.

LUSAJO: Mbona basi madarasa mengi zana ziko ukutani?

ATUPELE: Kaka, hili linaniuma. Shule moja niliyofundisha ilipewa boksi la vitu vizuri vya kuchezea. Likafungiwa ofisini visije vikapotea. Mwaka mzima! Kupotea vitapotea, ndiyo maana nasema tutumie vinavyookoteka.

LUSAJO: Mwongozo unasema mwalimu mmoja watoto 25. Wewe unao wangapi?

ATUPELE: Zaidi ya 80. Natandika magunia sakafuni, kila kundi na kazi yake, lingine nje na mchanga. Kelele zipo. Sizizimi, nasikiliza wanaambiana nini.

LUSAJO: Usalama?

ATUPELE: Hapa nawasihi wazazi. Mbegu za dukani zenye rangi, za kupanda, zimepakwa dawa: zisiingie darasani. Makopo ya viuatilifu pia, hata ukiyaosha. Mbono ni sumu. Vizibo vya soda pondeni kingo kwa nyundo. Na maharage, mtoto anaweza kuyaingiza puani au kukabwa, kwa hiyo mtu mzima awepo, na yahesabiwe yanaporudi.

LUSAJO: Kuna baba aliwahi kukuambia hakumleta mwanawe kucheza na magunzi.

ATUPELE: Na ana haki ya kuuliza. Kikao kilichofuata nilimpa mfuko wa kitambaa wenye vitu sita ndani, nikamwomba avitambue kwa kupapasa, bila kuchungulia. Alikaa nao muda mrefu kuliko alivyotarajia. Wiki iliyofuata akaleta vijiti vya mianzi, amevikata sawasawa na kuvipiga msasa.

LUSAJO: Na yule mtoto wa maharage?

ATUPELE: Ilichukua kama miezi miwili. Asubuhi moja nikamwomba manne. Akayapanga kiganjani mwangu, moja moja, akanitazama: "Mwalimu, na ya Tumaini nilete?"