Nchi Haiwezi Kuwa Upinzani: Mhadhara juu ya Hungaria na Neno "Wananchi"

Mheshimiwa Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, na ndugu wote mliofika jioni hii.

Nimeombwa nizungumzie kukua duniani kwa siasa za mrengo wa kulia za kipopulisti, yaani siasa za wanaodai kwamba wao peke yao ndio sauti ya wananchi wa kweli. Wengi mlitarajia nianze na Marekani, na Marekani nitaigusa, lakini muda wangu mwingi nitautumia katika nchi ndogo ya Ulaya ya kati yenye watu wasiofika milioni 10, Hungaria, kwa sababu huko jambo hili lilianza mapema, likafika mbali, na hatua zake nyingi zimeandikwa katika sheria ambazo mtu anaweza kuzisoma ibara kwa ibara.

Naomba tuanzie Budapest, Uwanja wa Mashujaa, tarehe 16 Juni 1989. Siku hiyo Imre Nagy, waziri mkuu aliyenyongwa miaka 31 kamili kabla yake kwa kushiriki mapinduzi ya 1956 dhidi ya utawala wa kikomunisti, alizikwa upya kwa heshima. Kulikuwa na majeneza sita. Matano yalikuwa ya Nagy na wenzake wanne, na la sita lilikuwa tupu, likiwawakilisha wapiganaji wote ambao majina yao hayajulikani. Miongoni mwa waliohutubia umati ule alikuwamo kijana wa miaka 26 mwenye ndevu, mmoja wa waanzilishi wa chama cha vijana kilichoitwa Fidesz, ambaye alidai hadharani kwamba majeshi ya Kisovieti yaondoke. Jina lake Viktor Orbán. Mwaka uleule alikwenda kusoma Oxford kwa ufadhili wa taasisi ya George Soros, tajiri aliyezaliwa Budapest katika familia ya Kiyahudi. Lishikeni jina hilo, kwa kuwa litarudi.

Orbán alikuwa waziri mkuu kwa mara ya kwanza kuanzia 1998, na mwaka 2002 alishindwa katika uchaguzi. Baada ya kushindwa alitamka mbele ya wafuasi wake sentensi ambayo kwangu mimi ndiyo kiini cha mhadhara huu: kwamba nchi haiwezi kuwa upinzani. Itazameni vizuri. Mwanasiasa wa kawaida akishindwa husema kwamba chama chake kimekwenda upinzani na kwamba kitarudi. Huyu alisema kwamba chama na nchi ni kitu kimoja, na kwa kuwa nchi haiwezi kuwekwa kando na raia wake wenyewe, basi wale walioshinda kwa kura halali wamekalia mahali pasipokuwa pao.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna neno linaloturahisishia kuuona mtego huu. Mwananchi ni mwana wa nchi. Kwetu neno hilo humkusanya kila mtu, yule aliyekipigia kura chama tawala na yule aliyekipinga, na hata yule aliyelala nyumbani siku ya kura. Mpopulisti wa mrengo wa kulia hulichukua neno hilo na kulipunguza. Kwake wako wana wa nchi wa kweli, ambao ni wafuasi wake, halafu wako wengine walioandikwa tu katika daftari la wapigakura: wasomi wa mjini, majaji, waandishi wa habari, wahamiaji na wachache wa dini au kabila jingine. Tofauti yake na mhafidhina wa kawaida, anayetaka kodi ndogo au mila zilindwe, iko hapo. Mhafidhina hubishana nawe kwa sababu anakuhesabu kuwa mwenzake katika nchi moja.

Ningewadhulumu Wahungaria, hata hivyo, kama ningesema kwamba walihadaiwa na maneno matamu tu. Mwezi Mei 2006 waziri mkuu wa chama cha kisoshalisti, Ferenc Gyurcsány, aliwaambia wabunge wake katika kikao cha faragha kwamba walikuwa wamedanganya asubuhi, usiku na jioni ili washinde uchaguzi. Sauti yake ilirekodiwa, na mwezi Septemba ikasikika redioni, watu wakaingia barabarani. Kisha ukaja msukosuko wa fedha wa 2008. Familia nyingi za Hungaria zilikuwa zimechukua mikopo ya nyumba kwa faranga za Uswisi, kwa kuwa riba yake ilikuwa ndogo. Sarafu yao, forinti, ilipoporomoka, mtu aliyekuwa akilipa kiasi kilekile cha faranga kila mwezi alijikuta akilipa forinti nyingi zaidi na zaidi, ilhali mshahara wake haukuongezeka hata kidogo. Serikali ilikwenda kuomba mkopo wa dharura wa takriban euro bilioni 20 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, Umoja wa Ulaya na Benki ya Dunia. Mtu wa namna hiyo, aliyedanganywa na viongozi wake na kubanwa na benki, ana haki ya kukasirika, na hasira yake ilikuwa ya kweli kabla Orbán hajaigusa.

Mwezi Aprili 2010 Fidesz na mshirika wake walipata asilimia 53 ya kura, na mfumo wa uchaguzi wa wakati ule ukawapa viti 263 kati ya 386, yaani zaidi ya theluthi mbili, kiasi kinachotosha kubadili katiba. Waliibadili. Katiba mpya ilipitishwa Aprili 2011 kwa kura za upande mmoja na ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2012. Umri wa majaji kustaafu ulishushwa kwa ghafla kutoka miaka 70 hadi 62, na kwa hatua hiyo moja majaji zaidi ya mia mbili, wakiwamo wengi wa ngazi za juu, walitolewa. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Novemba 2012 kwamba sheria hiyo ilikuwa ya kibaguzi, lakini wakati huo wengi wao nafasi zao zilikuwa zimekwisha kujazwa. Ndugu zangu, hakuna kifaru cha jeshi hata kimoja kilichoingia barabarani. Kila hatua ilikuwa na namba ya sheria, tarehe, na saini.

Naomba mnivumilie niseme juu ya hesabu za kura, kwa sababu watu wengi husikia kwamba uchaguzi "umepangwa" wakadhani ni masanduku kubadilishwa usiku. Bunge lilipunguzwa likawa na viti 199, na kati ya hivyo 106 ni vya majimbo na 93 hugawanywa kwa orodha za vyama. Duru ya pili, ambayo zamani iliwaruhusu wapinzani kuungana nyuma ya mgombea mmoja, ilifutwa. Mipaka ya majimbo ilichorwa upya. Lakini jambo lenye ufundi zaidi ni hili. Kwa kawaida, mfumo wa mchanganyiko kama huu humfidia aliyeshindwa jimboni: kura zake huhamishiwa kwenye orodha ya chama chake ili zisipotee bure. Hungaria ikaamua kumfidia na mshindi pia. Chukueni jimbo la mfano ambamo wa kwanza amepata kura 12,000, wa pili 9,000 na wa tatu 6,000. Wa pili na wa tatu watapelekewa kura zao kwenye orodha, sawa, lakini mshindi naye, ambaye tayari amechukua kiti, atapelekewa kura 2,999, yaani zote zilizozidi zile alizozihitaji ili kumpita wa pili. Ametumia kura zake kupata kiti, na zilizosalia anazitumia tena. Mwaka 2014, mbele ya upinzani uliogawanyika vipande vipande, Fidesz ilipata chini ya asilimia 45 ya kura za orodha na kuondoka na viti 133 kati ya 199. Theluthi mbili, tena.

Kuhusu magazeti, nitasimulia siku moja. Népszabadság lilikuwa gazeti kubwa la kila siku, lenye mrengo wa kushoto. Mwanzoni mwa Oktoba 2016 waandishi wake walifunga vitu vyao kwenye maboksi wakijua kwamba wanahamia ofisi nyingine. Jumamosi ya tarehe 8 wakapata barua kwamba gazeti limesimamishwa. Mmiliki alisema ni hasara. Majuma machache baadaye kampuni iliyolichapisha ikauzwa kwa wafanyabiashara walio karibu na serikali. Miaka miwili baada ya hapo, Novemba 2018, wamiliki wa vyombo vya habari zaidi ya 400 vinavyoiunga mkono serikali walivitoa bure, kwa siku moja, kwa wakfu mmoja, na serikali ikatangaza kwamba muungano huo una umuhimu wa kimkakati kwa taifa, hivyo mamlaka ya ushindani wa biashara isiuchunguze. Mwandishi anayefungwa jela huandikiwa barua za mshikamano kutoka dunia nzima. Mwandishi ambaye gazeti lake limekosa matangazo ya serikali, kisha likauzwa, hutafuta kazi nyingine kimyakimya.

Wananchi waliopunguzwa namna hii wanahitaji kuwa na adui, na adui akapatikana mwaka 2015, wakati mamia ya maelfu ya watu waliokimbia vita vya Syria, Iraki na Afghanistan walipopita Balkani kuelekea Ujerumani. Serikali ilijenga uzio wa seng'enge wenye urefu wa kilomita 175 na kimo cha takriban mita nne katika mpaka wa Serbia. Mwaka 2017 nchi nzima ikajaa mabango yenye uso wa Soros akitabasamu, na maandishi yakiwataka watu wasimwachie Soros awe wa mwisho kucheka. Yule aliyemlipia kijana masomo alikuwa sasa amegeuzwa mfadhili wa uvamizi. Wazee wa Kiyahudi wa Budapest walioliona tabasamu lile vituoni hawakuhitaji kufafanuliwa maana yake: ilikuwa chuki ileile ya zamani dhidi ya Wayahudi.

Mtauliza: je, watu hawakupata chochote? Walipata, na tusipolikubali hilo hatutaelewa kwa nini Fidesz ilishinda mara nne mfululizo, 2010, 2014, 2018 na 2022. Mwaka 2011 wenye mikopo ya faranga waliruhusiwa kulipa deni lote kwa mkupuo kwa kiwango cha forinti 180 kwa faranga moja, bei iliyo chini sana ya ile ya soko, na benki zikabeba hasara. Nafuu hiyo, bila shaka, iliwafaa zaidi waliokuwa na akiba ya kulipa. Mwaka 2013 bei za umeme na gesi majumbani zilishushwa, na sheria ikaagiza kwamba kila ankara ionyeshe kiasi ambacho familia imeokoa, kikiwa kimewekwa juu ya rangi ya chungwa. Rangi ya chungwa ndiyo rangi ya Fidesz. Kila mwezi, mama wa nyumba akifungua bahasha ya gesi, chama kiko mezani pake. Nimewahi kuwafundisha wanafunzi propaganda kwa miaka mingi, na sijui mfano unaofikia karatasi ile ndogo kwa kukaa karibu na maisha ya mtu.

Kwingineko nitapita haraka. Marekani ilipoteza ajira za viwandani zipatazo milioni 6 kati ya 2000 na 2010, na Donald Trump aliwaendea waliokuwa katika miji iliyopoteza ajira hizo. Tarehe 6 Januari 2021 wafuasi wake walivamia Bunge, na Novemba 2024 akachaguliwa tena. Jair Bolsonaro wa Brazil alishinda 2018, akashindwa 2022, na tarehe 8 Januari 2023 wafuasi wake wakavamia majengo ya serikali Brasília. Lakini mahakama za Brazil zilisimama, zikamzuia kugombea, na Septemba 2025 zikamhukumu. Ujerumani, chama cha mrengo wa kulia cha AfD, kilichozaliwa 2013, kilipata asilimia 20.8 ya kura za Februari 2025. Na hapa kwetu mlango wa jirani uligongwa: mwaka 2022 serikali ya Uingereza ilitia saini makubaliano ya kuwapeleka Rwanda watu wanaoomba hifadhi, mpango ambao Mahakama ya Juu ya Uingereza iliutangaza kuwa kinyume cha sheria mwezi Novemba 2023 na serikali mpya ikaufuta mwaka 2024. Ni vyema tukumbuke kwamba waliotungiwa mpango ule walikuwa wamekimbia nchi zao, kama ambavyo watu wa ukanda wetu huu wa Maziwa Makuu wamewahi kuzikimbia zao.

Nimalizie na Polandi, kwa sababu huko swali la "baadaye inakuwaje" lina jibu ambalo tayari tunaweza kulitazama. Chama cha Sheria na Haki kilitawala kuanzia 2015 kikifuata njia inayofanana na ya Budapest, hasa kwa upande wa mahakama. Tarehe 15 Oktoba 2023 asilimia 74 ya wapigakura walijitokeza, kiwango kikubwa kuliko chochote tangu 1989. Katika mtaa wa Jagodno, mjini Wrocław, foleni ilikuwa ndefu kiasi kwamba watu waliendelea kupiga kura hadi karibu saa 9 usiku, katika baridi, na majirani wakawaletea piza na vinywaji vya moto ili wasiondoke. Chama tawala kilikuwa cha kwanza kwa kura, lakini hakikupata wingi wa viti, na mwezi Desemba Donald Tusk akawa waziri mkuu wa muungano.

Waliosimama Jagodno usiku ule walifanya sehemu yao. Lakini rais aliyetoka upande wa Sheria na Haki aliendelea kuzuia sheria za kurekebisha mahakama, na Juni 2025 mgombea aliyeungwa mkono na chama kilekile, Karol Nawrocki, alishinda urais kwa asilimia 50.89. Bado wamo mahakamani maelfu ya majaji walioteuliwa kupitia baraza ambalo Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu imesema halikuwa huru. Jaji wa namna hiyo amekwisha kugawa mirathi, kuamua kesi za viwanja, na kuwatalikisha mume na mke ambao mmoja wao ameoa au kuolewa upya na amezaa. Serikali ya Warsaw ikisema kwamba hukumu zake ni halali, imekubali namna alivyoteuliwa. Ikisema ni batili, itabidi imweleze yule mama mwenye mtoto mchanga kwamba huenda bado ni mke wa mtu mwingine.