Birmingham Haikufuta Krismasi

Ndugu watazamaji, nawasalimu kutoka Birmingham, Uingereza, ambako mwezi huu wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi za alasiri, nanyi mtaniwia radhi kwa mwanga hafifu mnaouona nyuma yangu. Juzi shangazi yangu aliyeko Tanga alinitumia klipu inayozunguka katika makundi ya WhatsApp, ikidai kwamba jiji hili ninaloishi limepiga marufuku Krismasi na kuipa jina jingine ili kuwaridhisha wageni. Chini yake aliandika swali moja tu: "Mwanangu, ni kweli?" Yeye nilimjibu kwa simu, lakini kwa kuwa najua klipu hiyo haikuishia kwake, nimeona nilieleze jambo hili hapa kwa utulivu.

Kilichotokea ni hiki. Mwaka 1997 Halmashauri ya Jiji la Birmingham ilibuni jina Winterval, lililoundwa kwa kuunganisha neno la Kiingereza la majira ya baridi na lile la tamasha, kisha ikalitumia kutangaza kwa pamoja shughuli zote zilizofanyika katikati ya jiji kuanzia tarehe 20 Novemba hadi mwisho wa mwaka: taa za Krismasi, Diwali ya Wahindu, uwanja wa kuteleza kwenye barafu, mkesha wa Mwaka Mpya na mengineyo. Lilikuwa jina la kibiashara, la kuwatoa watu majumbani wakati wa baridi ili waje mjini kutumia fedha zao. Mwaka uliofuata jina hilo lilitumika tena, na safari hii Askofu wa Kianglikana wa Birmingham, Mark Santer, akalilalamikia hadharani. Magazeti yakalidaka, na tangu hapo habari ikawa kwamba Krismasi imefutwa. Wakati huohuo, mbele ya jengo la halmashauri hiyohiyo kulikuwa kumetundikwa bango la kuwatakia watu Krismasi njema, kwaya za wanafunzi zilikuwa zikiimba nyimbo za Noeli, na Mstahiki Meya alikuwa akituma kadi za Krismasi kama kawaida.

Gazeti la Daily Mail lilichapisha masahihisho mwaka 2011, likikiri kwamba Winterval haikubadilisha jina la Krismasi wala haikuchukua nafasi yake. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii imepita miaka kumi na mitatu ikafika masahihisho, ikayapita, na sasa imefika Tanga.

Hata hivyo, nisingependa mdhani kwamba mjadala wote wa kuepuka jina la Krismasi ni uzushi. Mwezi Oktoba 2021 Kamisheni ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja wa Ulaya kilichoko Brussels, iliwapa watumishi wake mwongozo wa lugha jumuishi, uliowashauri wasichukulie kwamba kila mtu ni Mkristo, na kwamba badala ya kusema majira ya Krismasi huwa na mihangaiko, waseme majira ya sikukuu. Sababu iliyotolewa haikuwa ya kipuuzi: si wote wanaoadhimisha sikukuu za Kikristo, na hata miongoni mwa Wakristo tarehe hutofautiana, kama mnavyojua kwamba Waorthodoksi wa Ethiopia huadhimisha Noeli Januari. Lakini ulipovuja kwenye vyombo vya habari ulizua ghadhabu, Vatikani ikaukosoa, na tarehe 30 Novemba Kamishna Helena Dalli, Mmalta aliyekuwa na dhamana ya usawa, akauondoa.

Kwa maoni yangu, ushauri huo ulifaa kwa barua inayokwenda kwa maelfu ya watu usiowajua, na haukufaa kabisa kwa watu wanaojuana. Katika sensa ya mwaka 2021, Wakristo wa Birmingham walikuwa asilimia 34, Waislamu karibu asilimia 30, na wasio na dini asilimia 24. Mwandishi wa tangazo la jiji la namna hiyo hawezi kujua litasomwa na nani. Lakini jirani yangu wa ghorofa ya chini, Mwislamu kutoka Pemba, hunigongea mlango kila tarehe 25 Desemba kunitakia Krismasi njema, nami Ramadhani ikiisha humpelekea salamu za Idd, na hakuna kamati iliyowahi kutuuliza iwapo tunaumizana.

Tena Kiswahili kina neno lake tangu zamani. Nyumbani tunasema "sikukuu njema" siku ya Krismasi, na tunasema hivyohivyo siku ya Idd, bila mtu kushuku kwamba dini yake inafichwa, kwa sababu msemaji na msikilizaji wote wanajua ni sikukuu gani iliyofika. Salamu ya Kiingereza inayobishaniwa huku, ile ya kutakiana heri ya sikukuu bila kuitaja Krismasi, hufunika sikukuu nyingi kwa pamoja. Ya kwetu huielekea ile moja iliyopo siku hiyo. Nadhani ndiyo maana huku yanazuka malumbano na kwetu inazuka pilau.

Wiki iliyopita, ghalani ninapofanya kazi, tuliombwa kila mmoja aandike salamu kwa lugha yake kwenye ubao wa matangazo. Mimi, bila kufikiria siasa yoyote, niliandika "Sikukuu njema," kama alivyokuwa akisema mama. Mwenzangu kutoka Kisumu akasimama nyuma yangu, akasoma, akatikisa kichwa: "Kaka, hata wewe sasa unaiogopa Krismasi?" Nilijitetea kwa dakika tano nzima. Hakuridhika, alichukua kalamu akaandika "Krismasi njema" chini ya maneno yangu, kwa herufi kubwa kuliko zangu, na salamu zote mbili zipo ubaoni hadi leo.

Shangazi, najua unatazama. Shikamoo. Kadi yako niliipeleka posta Jumatatu, na ndani nimeandika Krismasi.