Mkono wa Petro: tunautazama ukuta wa Masaccio

NEEMA: Karibuni tena. Leo tuna ukuta mmoja tu, uko Firenze, Italia, katika kikanisa cha ukoo wa Brancacci ndani ya kanisa la Santa Maria del Carmine. Mchoraji Masaccio aliuchora miaka ya 1420, akafariki Roma mwaka 1428, hata miaka 30 hajafikisha.

TUMAINI: Kisa ni cha Mathayo 17. Watoza kodi ya hekalu wanamuuliza Petro, mwalimu wenu halipi? Yesu anamwambia aende akatupe ndoana, samaki wa kwanza atakuwa na shekeli mdomoni. Dada Neema, mara ya kwanza kuuona mchoro huu kitabuni nilimtafuta huyo samaki nikamkosa.

NEEMA: Yuko kushoto, mbali kabisa. Petro amechuchumaa ukingoni mwa maji, joho kalivua kaliweka kando, anamfumbua samaki mdomo. Kulia, Petro huyohuyo anamkabidhi mtoza kodi sarafu. Na katikati yupo tena, pamoja na Yesu na mitume.

TUMAINI: Petro watatu ukutani. Jicho linaanzia katikati, linaruka kushoto, halafu linavuka hadi kulia.

NEEMA: Na muujiza wenyewe kausukumia pembeni! Mwingine angemweka samaki mbele, anang'aa. Masaccio hakutaka.

TUMAINI: Wengi husema ni habari ya kodi. Mwaka 1427 Firenze, iliyokuwa vitani na Milano, ilianza kodi mpya, kila mkuu wa kaya aandikishe mali na madeni yake. Masaccio mwenyewe aliandikisha, na alikuwa anadaiwa. Kwa hiyo wanasema mchoro unawaambia raia walipe.

NEEMA: Hapo kaka Tumaini sikubali. Ukisoma Mathayo, Yesu anaanza kwa kusema wana wa mfalme hawatozwi. Analipa ili asiwakwaze watu. Mtu anayetaka kuhimiza kodi asingechagua maneno hayo. Tena karibu kikanisa kizima kinasimulia maisha ya Petro. Mimi namtazama Petro.

TUMAINI: Unaona nini?

NEEMA: Mkono. Yesu kanyoosha mkono kuelekea majini. Petro naye kanyoosha wake, vilevile, upande uleule, lakini uso kaukunja. Ni kama anauliza, "Kule? Mimi?" Alikuwa mvuvi maisha yake yote. Anajua samaki hawatoi fedha. Masaccio kaikamata dakika ile ambayo agizo limeshatolewa na mguu haujainuka.

TUMAINI: Na mtoza kodi katupa mgongo. Kanzu fupi nyekundu, miguu wazi, hana duara la nuru kichwani kama wenzake. Amesimama upande wetu, kana kwamba katoka miongoni mwetu sisi tunaotazama.

NEEMA: Tazama na vivuli. Dirisha la kikanisa liko upande wa kulia wa ukuta huo, na nuru ya kwenye mchoro inatoka kulia pia. Vivuli vya miguu vinaangukia kushoto. Ukisimama pale, jua linalokuangaza wewe ndilo linalomwangaza Petro. Mistari ya jengo lililo nyuma nayo yote inakutana kichwani pa Yesu. Hata jicho likitangatanga, linarudishwa hapo.

TUMAINI: Kuna jambo nimeliona sasa hivi tukizungumza. Kodi ile ilikuwa nusu shekeli kwa kila mtu, sivyo?

NEEMA: Ndiyo, nusu.

TUMAINI: Na mdomoni mwa samaki ilikuwa shekeli nzima. Yesu anasema, ukawape kwa ajili yangu na kwa ajili yako. Mitume wote wamesimama pale, sarafu inawalipia wawili tu.

NEEMA: Na mikono iliyonyooshwa sambamba ni miwili. Subiri, niirudishe picha niitazame tena.