Kuijenga Tanga ya 1914 kwa Maboksi na Makumbi

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, sogeeni karibu na meza ila msiiegemee, upande huu gundi haijakauka.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: ni vita vya mezani. Kila upande una askari wadogo wa plastiki, wanasogezwa kwa rula, na dadu ndiyo inayoamua nani kapigwa. Maofisa wa Prussia walifundishwa kwa mchezo wa namna hii tangu 1824. Mwaka 1913 Mwingereza H.G. Wells akaandika kanuni za kuucheza sakafuni, na misitu yake ilikuwa vijiti alivyokata bustanini. Siku hizi Ulaya kuna maduka yanayouza nyumba moja ya plastiki kwa bei ambayo mimi ningeezekea banda la kuku. Leo nawaonyesha meza ambayo vitu vingi vyake vilikuwa vinaelekea jalalani.

Meza ni futi 4 kwa 6. Ndiyo, ni kitanda, godoro limewekwa kando. Na mji ni Tanga, Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakitaka kuunyakua kutoka kwa Wajerumani.

Jenerali Aitken wa Uingereza alishusha Ras Kasone, rasi iliyo kando ya mji, jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari wetu Waafrika, na sehemu kubwa aliwaleta kwa treni kutoka Moshi. Tarehe 4 Aitken akaamuru jeshi liingie mjini, akiwa hajatuma watu wa kutosha kupeleleza mbele. Kati yake na mji kulikuwa na minazi, mashamba ya mpira, mahindi na vichaka, halafu reli iliyopita ndani ya mfereji uliochimbwa. Kampani zilipotezana humo. Waingereza walikuja kupanda meli zao tena wakiwa na zaidi ya 800 waliouawa na kujeruhiwa.

Kwa hiyo kabla hujashika wembe, jiulize: ardhi ile ilimfanyia nini mtu aliyekuwa ndani yake? Ilimziba macho, na ikampa adui shimo la kujilaza. Hivyo viwili ndivyo vya kutolea jasho. Uzuri wa madirisha ya posta utakuja baadaye, au usije kabisa.

Tuanze na mfereji wa reli, maana ndio uliowahi kunishinda. Huwezi kuchimba meza. Nilijenga kingo mbili pembeni mwa reli, ikawa tuta, yaani kinyume kabisa cha nilichokitaka. Dawa yake ni kuinua nchi nzima: tandaza meza yote lile povu jeupe gumu linalofungashiwa televisheni na friji, unene wa sentimita 3, kisha acha pengo pale inapopita reli. Mwuza friji atakushukuru ukimwondolea. Likate kwa wembe mpya, tena ukiulaza. Wembe butu unalipukutisha punje hadi kwenye sukari.

Halafu nikalipaka rangi ya kopo la kupuliza. Jamani! Dawa iliyomo kwenye rangi ile inayeyusha povu. Nilisimama nikitazama Ras Kasone inazama mbele ya macho yangu. Sasa nachanganya gundi nyeupe ya seremala na rangi ya maji ya ukutani, nusu kwa nusu, napaka kila mahali na kunyunyizia mchanga ungali mbichi. Mchanga wa pwani uoshe chumvi kwanza. Ukikauka, paka kahawia iliyokoza, kisha chukua brashi yenye rangi nyepesi, ifute kwenye kitambaa mpaka uone kama haina kitu, uipitishe juu juu. Mchanga unaibuka wenyewe.

Minazi. Askari wangu ni wa kipimo cha 1 kwa 72, mtu mzima anafika kama sentimita 2.4. Mnazi wa mita 20 ungekuwa sentimita 28, na mkono ungeuangusha kila zamu. Nimeukata hadi 15 na hakuna aliyelalamika. Shina usilitengeneze kwa kijiti cha mshikaki, litasimama kama mlingoti, na mnazi gani umewahi kunyooka hivyo? Tumia waya, uuzungushie kamba ya katani iliyochovywa kwenye gundi. Mizunguko ya kamba inakuwa zile pete za shina. Makuti ni karatasi ngumu iliyokunjwa katikati na kukatwa mikato kwa mkasi, ikapakwa pande zote mbili. Ukipaka upande mmoja inajikunja. Chini gundisha sarafu.

Mahindi ni zulia la makumbi la mlangoni, limekatwa mistari. Miti ya mpira ni vipande vya dodoki kavu vilivyochovywa rangi, nayo ipange safu kwa safu, maana ni shamba. Majani ya chai yaliyotumika, yaanikwe juani mpaka yakauke kabisa, ndiyo takataka za chini ya miti. Nyumba ni maboksi. Bandua karatasi ya juu ya boksi, mabati hayo.

Sasa hivi vidude vinavyoning'inia. Nyuki walitibuliwa siku ile wakashambulia pande zote mbili, watu wakakimbia wakitupa bunduki. Lugha yetu ilishajua: mzinga ni mzinga. Manowari ya Waingereza iitwayo Fox ilipiga mji kwa mizinga yake, lakini watu wanaikumbuka zaidi mizinga ya mitini. Hii nimeikata kwa vijiti vya mishikaki, sentimita moja na nusu kila mmoja, nikaitundika kwa uzi. Anayefyatua risasi karibu nayo anarusha dadu. Ikija moja, kikosi kilicho karibu zaidi kinakimbia, kiwe cha upande wowote.

Gundi nadhani imeshika. Nahitaji mtu wa kumchezea von Lettow... naona mikono sita. Na wa Aitken? Haya basi, wewe binti uliyekaa karibu na dirisha, njoo. Wapelelezi wako ni hawa hapa kwenye kopo. Watume kwanza.